Nilimtangaza Mwalimu Kwenye Msaragambo

Bi Saada, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa huku milimani Same, nalima tangawizi, na elimu yangu iliishia darasa la nne kwa hiyo utanisamehe nikikosea, naandika kwenye simu nikiwa shambani nimekalia gunia kwa sababu nyumbani sina uso wa kuyaandika haya mbele ya binti yangu. Naomba unisaidie, ila jina langu usilitoe, na la mwalimu nimelibadilisha, nimemwita Beatha, na binti yangu nimemwita Namkunda, maana nimeshaona mdomo unavyoweza kumfikisha mtu mahali ambapo mwenyewe hakutaka kwenda.

Huyu Mwalimu Beatha amefundisha shule yetu miaka ishirini na sita, mdogo wangu wa mwisho kapita mikononi mwake na sasa ana Namkunda darasa la sita. Walimu walipogawiwa vile vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa, chake kilikaa kabatini na nailoni yake, mwaka mzima. Siyo kwamba hakutaka, Bi Saada. Aliniambia mwenyewe kwamba kila akiwauliza walimu vijana vidole vyao vinapita haraka kama mtu anayechambua mchele, halafu wanamwambia, "Ni rahisi tu, mama," basi anaona aibu kuuliza mara ya pili.

Mimi nilikuwa najua simu kwa sababu ya tangawizi. Wanunuzi wa mjini hawapandi mlima mpaka waone mzigo, kwa hiyo nimejifunza kupiga video, nafuta kioo kwa upindo wa kanga, nalipa jua mgongo, nahesabu moja mbili tatu kimoyomoyo ndipo naongea. Jumamosi moja Mwalimu akanikuta kando ya njia ya Hedaru nawapigia wanunuzi video ya magunia, akasimama akatazama mpaka nimemaliza, akasema, "Mama Namkunda, hicho unachofanya nifundishe." Nikacheka nikidhani ni utani. Akasema, "Sitanii. Wewe hutanicheka."

Bi Saada, mimi nilitolewa shule nikalee wadogo zangu, maisha yangu yote nikiona mwalimu napisha njia, halafu mwalimu anakuja kwangu ameshika daftari na kalamu. Alikuja Jumamosi saba. Nilimwonyesha kushika, kukata video, kuituma, na yeye alikuwa anaandika kila kitu, bonyeza hapa, subiri, usibonyeze tena. Akifika mlangoni ananitania, "Hodi, mwalimu wangu," mimi nafunika uso kwa kanga kwa furaha.

Akaenda akarekodi ndiva yetu, lile bwawa la zamani tunalokusanyia maji ya kumwagilia, asubuhi likiwa limejaa na mchana likiwa limefunguliwa, akawarushia watoto ukutani kwa projekta ya shule, wakakokotoa ujazo. Namkunda alirudi akamwambia baba yake ndiva inaingia maji kiasi gani na zamu yetu tunapata kiasi gani, baba yake akaacha kula. Huyu mtoto hesabu alikuwa anazikimbia kama mbuzi anavyoikimbia mvua. Mwalimu Mkuu naye akafurahi, akamchagua Mwalimu Beatha afundishe somo la mfano mbele ya walimu wa kata nzima, hapahapa shuleni, wiki ya mwisho ya mwezi huu, na sisi kina mama wa darasa la sita tukapangiwa kuwapikia wageni makande.

Sasa aibu yangu. Msaragambo, ule wito wa kazi ya kijiji, ulipigwa tukabebe mchanga wa darasa jipya. Huku kwetu ukipigwa hakuna kaya inayobaki, asiyekuja analipa faini, kwa hiyo kijiji chote kilikuwepo. Mama Fredrick, ambaye alimaliza kidato cha nne na hatuwezi kukisahau hata tukitaka, alikuwa na daftari la kuhesabu ndoo. Nikamwambia na yeye abebe japo moja. Akacheka, akasema kwa sauti, "Shoga, kila mtu na elimu yake. Nyie wa darasa la nne bebeni, sisi tuliosoma tuhesabu." Watu wakaangua kicheko, na Namkunda yupo palepale na ndoo yake.

Nikatua ndoo. Nikasema, "Hesabu vizuri basi, maana huyo Mwalimu Beatha mnayemsifia na video zake, mwalimu wake ni mimi hapa wa darasa la nne. Anakuja kwangu na daftari kila Jumamosi!" Kikapanda kicheko kuliko cha kwanza, ila sasa hakikuwa changu, kilikuwa cha Mwalimu. Mzee mmoja akasema, "Kumbe mwalimu naye ana mwalimu, na mwalimu mwenyewe ni tangawizi!" Mpaka jioni watoto barabarani walikuwa wanaimba hivyo.

Wazazi wakaenda kwa Mwalimu Mkuu kuuliza watoto wao wanafundishwa na nani. Mwalimu Beatha akarudisha kishikwambi ofisini ndani ya boksi lake, akasema somo la mfano hafundishi, na amebakiza miaka michache astaafu, wamwache amalizie na chaki yake. Mwalimu Mkuu amempa hadi Jumatatu ya wiki hiyo ya somo la mfano, baada ya hapo atateua mwingine. Namkunda ananiambia, "Mama, siku hizi Mwalimu anafundisha akiwa ameutazama ubao." Na ananipakulia chakula bila kunitazama.

Nilimpelekea Mwalimu mkungu wa ndizi kwa mkono wa Namkunda, ukarudi, "Mwambie mama asante, tunazo." Kanisani nikamwamkia, akaitika, "Marahaba, mama." Mama, Bi Saada. Hata jina la binti yangu hakuliweka.

Kuna neno moja sijalisema na nimelizunguka tangu mwanzo. Jumamosi ya sita alikuja na video aliyojirekodi mwenyewe akifundisha, alikiegesha kishikwambi dirishani, akaniambia tuitazame wote. Katikati akaisimamisha. Akasema, "Mama Namkunda, unaona? Mkono wangu unaelekea madawati ya mbele tu. Somo zima. Miaka ishirini na sita nimekuwa nikifundisha madawati matatu." Akalia. Namkunda anakaa dawati la nyuma kabisa, Bi Saada, na kuanzia Jumatatu ile akaanza kuulizwa, akaanza kusimama, ndiyo hizo hesabu nilizokwambia. Na siku ya msaragambo, walipocheka, mimi nikaona kicheko kitamu, nikaongeza na hilo. Nikasema, "Na amekiri mwenyewe kwamba miaka yote alikuwa hajui kufundisha." Hakusema hivyo. Mimi ndiye niliyesema hivyo.

Mama Fredrick ananishauri nisimame niseme nilitania, nilidanganya, sijamfundisha chochote, yaishe. Mume wangu anasema ya msaragambo huishia msaragambo, ninyamaze. Mimi silali vizuri. Nifanye nini jamani, nimemwaibisha mtu aliyeniheshimu kuliko mtu yeyote duniani.

Ni mimi Mama Mwenye Mdomo, milimani.

BI SAADA ANAJIBU

Marahaba, Mama Namkunda. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma. Mara ya pili nilipofika pale penye "kuna neno moja", huruma ikapungua, maana umefanya kama wauza nyanya wa stendi, zilizooza umezipanga chini.

Watu kujua kwamba ulimfundisha Mwalimu hakukumuumiza sana. Angekuwa na aibu wiki moja, ikapita. Kilichomvunja ni yale madawati. Mwanamke wa umri wake amejitazama, akaona kosa la miaka ishirini na sita, akalitamka kwa mdomo wake, na Jumatatu yake akaanza kulirekebisha. Unajua ni wangapi kati yetu tunaoweza hivyo? Mimi sithubutu. Ukalichukua lile jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kuyafanya kazini ukaligeuza kichekesho cha wabeba mchanga, tena ukalichonga kidogo lichekeshe zaidi.

Najua kwa nini. Mama Fredrick alikuchoma mbele ya mtoto wako, na kidonda cha darasa la nne hakijapona. Naelewa. Lakini kidonda chako umekifunga kwa nguo uliyomvua mwenzio. Jumamosi saba mtu msomi alikaa kwako akaandika maneno yako kwenye daftari, na hiyo heshima haikukutosha mpaka kijiji kizima kiione.

Sasa sikiliza. Ushauri wa Mama Fredrick uutupe bondeni. Ukisema ulidanganya, utakuwa umeongeza uongo mwingine juu ya kosa, na utakuwa umewaambia watu wote, pamoja na Namkunda, kwamba mwalimu kujifunza kwa mkulima ni jambo la kufichwa. Wa mume wako nao uache, kwa sababu huko anakosema mambo yaishie ndiko kila kaya ilikokuwa na mtu wake.

Nenda nyumbani kwa Mwalimu. Siyo shuleni wala kanisani. Nenda kwa miguu yako, bila ndizi, bila mtoto. Zawadi ikitangulia samahani inaonekana kama rushwa. Mwambie yote kama ulivyoniambia mimi, na yale ya madawati anza nayo, usiyaweke mwisho. Mwambie, "Hukusema hujui kufundisha. Mimi ndiye niliyesema." Na nakuomba sana, usilie. Ukilia, yeye aliyekosewa ndiye atakayelazimika kukubembeleza, na tayari amekubebea mengi.

Halafu mwambie jambo ambalo huenda hakuna mtu aliyemwambia: Namkunda alikuwaje kabla ya ile Jumatatu, na akawaje baadaye. Habari ya baba kuacha kula mweleze vilevile. Mwalimu anajua kosa alilolifanya. Sidhani kama anajua kilichotokea alipolirekebisha.

Kisha muulize anataka uyaseme hadharani au la. Ni heshima yake, ulishaitumia mara moja bila ruhusa. Akisema hapana, funga mdomo, na ufunge kweli. Akisema ndiyo, basi msaragambo unaofuata, kabla watu hawajashika majembe na kabla utani haujaanza, simama useme kwa maneno machache: uliambiwa siri ukaitoa, ukaongeza na uongo, na binti yako wa dawati la nyuma anasoma kwa sababu mwalimu alikubali kujikosoa. Kaa chini. Usieleze wewe ulichomfundisha. Wanajua.

Kwa Mwalimu Mkuu huhitaji ruhusa ya mtu, lakini mtaarifu Mwalimu Beatha kwanza. Mwambie Mkuu kwamba lile neno la "hajui kufundisha" ni la kwako. Alisikie kutoka kwako kabla ya Jumatatu aliyompa Mwalimu.

Inawezekana asikusamehe. Uwe tayari. Msamaha wake siyo deni lako la kudai. Utaendelea kumwamkia, na akikuita "mama" tu, utaitika.

Namkunda naye mwambie ukweli wewe mwenyewe, nyumbani, mkiwa mnamenya viazi au chochote. Alikuwepo ulipokosea. Awepo unapojirudi, maana bado ana miaka mingi ya kukosea na hajui inavyofanywa.

Nimeona umembadilisha Mwalimu jina. Hapo umeanza vizuri.

Sasa tuseme Mungu amejalia, Mwalimu amekubali, na siku ya somo la mfano imefika. Wewe utakuwa jikoni na makande ya wageni, na nazijua shule zetu, jiko na darasa havipishani mbali, utachungulia tu. Walimu wa kata nzima wamekaa nyuma. Na kishikwambi kitakwama, mama, vitu hivi hukwama hasa siku ya wageni. Utamwona anabonyeza, anasubiri, anabonyeza tena. Utajua kabisa kidole kinatakiwa kwenda wapi, na miguu yako itataka kutoka.

Shika mwiko. Endelea kukoroga.