Salamu Ndani ya Redio ya Gari

Mjukuu wangu Salma,

Asalamu alaykum. Huku Bondeni hatujambo, na goti la babu yako limepoa.

Waniuliza kwa nini nilimkataza fundi kuing'oa redio kuukuu ya gari, nikamwambia aifungie bluetooth kwa nyuma.

Nilipokuwa msichana, kaka yangu Athmani alifanya kazi Maskati, akituletea barua kwa kaseti. Tulizisikiliza ndani ya gari hilo la baba. Kila akisalimu alinyamaza kidogo, nasi tukaitikia kana kwamba yupo. Kaseti ya mwisho ilifika tumeshamaliza matanga ya Athmani. "Asalamu alaykum, mama," akasema, akanyamaza. Mama alijiziba mdomo kwa leso. Hakuna aliyeitikia. Hapo hapo kaseti ikakwama ndani ya redio hiyo, na haijatoka hadi leo.

Nyimbo ulizonitumia zasikika vizuri. Ila wimbo ukiisha, kabla mwingine haujaanza, redio hunyamaza vile vile alivyonyamaza Athmani. Jana, katika kimya hicho, nilisikia salamu. Nikangoja, na wimbo haukuja. Basi nikaitikia kwa niaba ya mama, ndipo wimbo ukaanza.

Ukija likizo ukalipanda gari, nawe uitikie.

Bibi yako