Kwako Mama Nukta, Uliyetufundisha Kusoma Wawili

Mwaka umetimia, Mama, tangu ufariki, na miwani yako bado iko juu ya redio pale ulipoiacha. Baba peke yake ndiye anayeigusa, kuifuta vumbi.

Kule kwenye kiwanda cha uchapaji, ulikosahihisha kadi za harusi na vitabu vya shule mpaka ukaota mvi, bado wanakuita Mama Nukta. Hukuliamini jicho moja. Kila karatasi ilisomwa na wawili: mmoja kwa sauti, mwingine akifuatilia kwa kalamu. Hata nyumbani ulitukalisha mezani tukusomee, na aliyeruka neno alirudia ukurasa mzima huku chakula kikipoa. Tulinung'unika wee! Leo tungetoa chochote utukalishe tena.

Damu ilipokutoka, miaka mingi baada ya hedhi kukatika, ulifanya mzaha: "Ujana umenirudia." Ulipokubali kwenda hospitali, saratani ya mfuko wa uzazi ilikuwa imeshasambaa. Daktari alikueleza kwamba chembe za mwili hujinakili kila siku, na mwili una wasahihishaji wake wa kurekebisha makosa ya vinasaba. Wewe ulizaliwa na hitilafu kwa mmoja wao. Ulicheka mpaka ukashika tumbo. "Miaka yote nawasahihishia watu, kumbe mwenyewe nilichapwa bila kusomwa prufu!"

Alisema pia kwamba uvimbe wa namna yako mara nyingi husikia dawa ya kuamsha kinga ya mwili. Kweli, ilikukubali. Ulinenepa, ukarudi kazini, tukajua tumevuka. Kisha ugonjwa ukarudi kwa kasi na dawa ikashindwa. Mama, hatujazoea, na hatutaki kujifanya tumezoea.

Kitandani uliomba jambo moja: "Hitilafu hii hurithiwa. Kapimeni, nyote watatu. Mimi nimechelewa, nyie bado."

Mimi mwanao mkubwa nilipima, sina. Mdogo wangu wa kiume naye hana. Kitinda mimba wako aligoma. Kila nikimgusia alinijia juu: "Dada, niache! Nikiambiwa ninayo, ni kama namzika Mama mara ya pili."

Juzijuzi alinigongea mlango asubuhi, viatu ameshavaa. "Twende kabla sijaghairi."

Anayo, Mama. Lakini wamemchunguza, na mfuko wake wa uzazi uko salama. Sasa watakuwa wakimwangalia kila mwaka. Alilia begani kwangu. "Mama angeambiwa mapema hivi, si tungekuwa naye?"

Tangazo hili la kumbukumbu yako tumelisoma wawili. Yeye alisoma kwa sauti, mimi nikafuatilia kwa kalamu yako. Kwenye mstari wa kwanza aliruka neno "ufariki". Sikumrudisha.

Unakumbukwa na Baba, sisi wanao watatu, wajukuu, dada zako, na wenzako wa chumba cha kusahihishia.

Hututoki moyoni, Mama, na hutatutoka.