Ndoo ya Tamarindo

Lexington, Kentucky
Jumapili, 3 Aprili 2016
Mwaka wa hamsini na tano tangu niondoke kwetu Marianao

Mpendwa dada yangu Eneida,

Pokea salamu za kaka yako. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Na kifua cha shemeji Nicanor, kimepona? Mimi ni mzima. Daktari amenikataza chumvi, nami nimemtii siku zote isipokuwa jana.

Jana tulishinda, Eneida. Tamarindo, yule farasi wa miaka mitatu niliyekutumia picha yake, mwenye nyota nyeupe kwenye paji la uso, amewashinda wenzake kumi na mmoja. Tarehe saba Mei ataingia kwenye lango la Kentucky Derby, mbio kubwa kuliko zote za nchi hii. Nimefundisha farasi katika nchi hii karibu nusu karne, na sijawahi kufika hapo hata mara moja. Nakueleza wewe tulivyofika, kwa sababu ni wewe peke yako uliyebaki unayemkumbuka Centella, farasi wa baba.

Derby huchukua farasi ishirini tu, na nafasi hutafutwa kwa alama katika mbio za matayarisho. Wakufunzi wengi hukimbiza farasi wao mara tatu au nne kati ya Januari na Aprili. Mimi nilipanga mbio mbili: moja New Orleans mwezi Februari, ya pili hapa Lexington, wiki tano kamili kabla ya siku yenyewe. Katikati, mazoezi ya asubuhi, majani na usingizi.

Mwenye farasi ni Bwana Goff, muuza matrekta, mtu wa moyo mwema asiyejua kungoja. Alikuja bandani Januari akaitazama kalenda yangu ukutani.

"Mzee Belarmino, farasi wa wenzetu wanakimbia kila mwezi. Huyu wetu ni bwana harusi?"

"Bwana harusi hachoshwi kabla ya harusi," nikamjibu.

"Na tukikosa alama?"

"Nilaumu mimi."

"Sitakulaumu. Nitamhamishia kwa Whitlow."

Hakupandisha sauti, ndipo nikajua amekusudia. Whitlow ni mkufunzi mwenye farasi zaidi ya mia. Mimi ninao kumi na mmoja, na Tamarindo ndiye pekee wa namna yake niliyepata kumshika.

Huko New Orleans alikuwa wa pili, akazidiwa kwa urefu wa shingo tu. Nilikuwa nimemwagiza mpanda farasi wangu, Quirós, yule Mpanama, amweke nyuma ya wenzake ili tope limpige usoni, maana farasi asiyelijua tope hulijua siku mbaya. Tamarindo hakupenda. Alirusha kichwa, akakasirika, na alipoamua kukimbia njia ilikuwa imekwisha. Whitlow alinipitia akiwa na kombe lake.

"Mcuba, huyu wako amekuja kushindana au kutalii?"

Jioni ile ile Bwana Goff akapiga simu. Alitaka mbio nyingine Florida, katikati ya Machi. Nilikataa. Akakata simu bila kuaga, nami nilijua kwamba nimebakiwa na Jumamosi moja tu.

Sikuwa mkaidi bure. Unakumbuka 1957? Baba alimkimbiza Centella mara tatu kabla ya mbio kuu, na mara zote tatu alishinda. Marianao nzima ilimbeba baba mabegani. Lakini baada ya ushindi wa tatu Centella aliacha nusu ya shayiri yake ndooni, kama farasi aliyechoshwa. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Niliiona ile ndoo, nikamwambia baba. Akacheka: "Bingwa hushiba sifa, mwanangu." Wewe ulikuwa na miaka sita, ulimpelekea pera akageuza kichwa. Siku ya mbio kuu akawa wa saba. Baba alikuwa amemfikisha kileleni wiki tatu mapema, na hakupata tena farasi kama yule.

Basi jana. Mvua ilinyesha tangu alfajiri na uwanja ukawa tope tupu. Kwenye kona ya mwisho Tamarindo alikuwa amezibwa nyuma ya farasi watano, nyota yake haionekani kwa uchafu. Safari hii hakurusha kichwa. Alilaza masikio akangoja. Ukafunguka mwanya usiozidi mlango wa jiko lenu. Quirós akamwonyesha tu, kiboko kikabaki mkononi. Alishinda kwa urefu wa farasi watatu! Bwana Goff alinikumbatia hadi kofia yangu ikaanguka topeni.

Whitlow alikuja kunipa mkono, uungwana anao. "Haya, Mcuba, mtalii wako ameona nini leo?"

"Ameona migongo ya farasi wako. Kisha hakuiona tena."

Wenzangu walikula na kunywa. Mimi nilikaa kitini nje ya banda, kwa sababu ushindi wangu ulikuwa haujafika. Mtunzaji wa Tamarindo, mama mmoja wa hapa anayeitwa Verna, alikuwa amempa shayiri kipimo kizima. Jua lilipokuwa linazama akaniita.

"Mzee, njoo uone."

"Ameacha kiasi gani?"

"Ameacha ndoo. Angekuwa na meno ya chuma asingeiacha."

Nilitia mkono ndani. Chini palikuwa pamelambwa, pamelowa mate. Nilicheka, kisha nikalia kidogo, kisha nikala paja la nguruwe alilolileta Bwana Goff, na chumvi yake yote.

Goff mwenyewe alisimama mlangoni. "Kwa hiyo hatukimbii tena mpaka Mei?"

"Hatukimbii."

"Haya. Kalenda ni yako, na farasi anabaki kwako."

Sijui Mei italeta nini. Najua kwamba atafika huko na nguvu zake. Nenda kwenye kaburi la baba, umwambie ndoo ilikuwa tupu.

Nisalimie Nicanor, binti yako Zoraida na pacha wake, na jirani Obdulia kama bado anagomba. Mungu akupe miguu myepesi na nyumba isiyokosa kahawa.

Umeniuliza tena kama nitarudi baada ya Derby. Uwanja wetu wa mbio ulifungwa zamani, baba hayupo, na kesho alfajiri farasi kumi na mmoja watanisubiri hapa. Nakukumbuka kila siku, dada yangu. Sitarudi.

Kaka yako akupendaye,
Belarmino