Propela na Sufuria ya Mama Mkwe

Kaka, uko wapi? Nacheka peke yangu karakana nzima.

Ile propela ya boti niliyoiunda kwa kuyeyusha masufuria imekubali. Siku tatu nimeiweka kwenye ekseli kupima kama uzito uko sawa, siku tatu panga lile lile la propela linashuka chini. Napiga tupa kulipunguza uzito, linashuka. Napiga tena, linashuka.

Leo mama mkwe kaja kumwona binti yake, kakaa mlangoni ananitazama. Mara tupa ikagonga kitu kigumu ndani ya panga. Nikachokonoa, ikatoka ribiti ya chuma, haikuyeyuka na masufuria.

Mama akaiokota. "Baba, hii si ya mkono wa sufuria yangu?"

Kaka, nikaitazama ile ribiti. Ni yake kweli. Sufuria aliiacha kwetu mwaka jana, mimi nikadhani haina mwenyewe.

Nikamwambia, "Mama, subiri kwanza." Nikalainisha tundu ilipotoka ribiti, nikaizungusha propela kwenye ekseli. Ikatulia pale pale nilipoiachia. Nikaigeuza, ikatulia tena. Haishuki, kaka. Haishuki.

Mama akaitazama weee, akasema, "Kazi nzuri. Kesho utanipakia mbele kwenye hiyo boti, tukanunue sufuria."