Kwa Shangazi, Kuhusu Picha Zako Nilizozipunguza

Mpendwa shangazi,

Huko uliko hakuna umeme wa kukatika, kwa hiyo soma taratibu. Mimi, mtoto wa kaka yako niliyekimbia shule kidato cha pili, niliyezunguka Kampala, Mwanza na Mombasa kabla ya kufungua steshenari hapa Bukoba, nimetengeneza programu ya kompyuta ya mezani. Nimeitengeneza mwenyewe. Nilijifunza kwa video za simu, na Kiingereza changu unakijua: nusu naelewa, nusu naotea.

Ungeuliza inafanya nini. Inafanya kazi yako. Unakumbuka kila Januari pale kwako Rubya, Muleba, akina mama walivyokuletea rundo la sare za watoto wakubwa ili uzipunguze zivaliwe na wadogo zao? Mimi nilikaa chini ya cherehani nikiokota pini. Siku moja nilishika mkasi nikusaidie, ukanichapa mkono, kidogo tu, ukasema, "Hatukati, mwanangu. Tunakunja. Huyu mtoto atakua."

Basi programu yangu nayo inapokea rundo la picha nzito na kuzipunguza zote kwa mkupuo, zipite hata kwenye simu ndogo. Niliianza kwa ajili yako. Ulipotutoka, dada yako Ma Koku alikuwa kitandani kwake Ijuganyondo, hapa Bukoba, miguu imevimba. Hakufika Muleba kukuzika. Mwanao Anitha alikuwa na picha zako za miaka miwili ya mwisho, alizopiga kwa kamera ya maana, lakini kila tulipozituma, simu ya Ma Koku iligoma kuzifungua. Kila Jumapili aliniuliza kama ni kweli umezikwa, maana yeye hakukuona ulipougua wala ulipozikwa. Ndipo nikajitapa mbele ya ukoo: nipeni wiki mbili.

Sasa nikiri. Siku ya kwanza niliijaribu kwenye picha zako zilezile. Nilitaka upana wa nukta mia nane, nikaandika themanini. Na kwa ujuaji wangu niliiamuru ihifadhi picha ndogo juu ya zile kubwa, zifutike. Kufumba na kufumbua ukawa punje ya kahawa, picha zote. Nikizikuza, unakuwa viraka vya rangi, huna macho wala kinywa. Nilifunga duka mchana kweupe nikaketi nyuma ya mashine ya kutolea nakala, mwanaume mzima niliyevuka mipaka ya nchi, nalia.

Nikampigia Anitha nikiwa nimejiandaa kutukanwa. Akasema, "Mama alikuwa anakunja. Wewe umekata."

Nikakubali. Akaniacha niteseke kidogo, halafu akacheka. "Kaka, mimi nakujua. Kadi ya kamera iko kabatini. Wewe nilikupa nakala."

Yule ni mwanao kabisa.

Nikaiandika upya. Sasa haigusi picha kubwa hata kidogo. Inatengeneza ndogo yake, inaiweka folda ya pembeni, na ukiandika namba ya ajabu inakuuliza kwanza kama una uhakika. Watu wa Buhembe wameshaanza kuniletea za harusi, wananiita injinia, na mimi siwasahihishi.

Jumapili iliyopita nilimpelekea Ma Koku picha zako. Zikafunguka, moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye ile uliyokaa barazani na kitenge cha njano, hakuniuliza swali lake. Alisema umekonda. Akaomba nimwinue aketi vizuri, kwamba hawezi kukuaga akiwa amelala kama mvivu. Akaisogeza simu karibu na uso, akaanza kuzungumza nawe kwa Kihaya, akikuita kwa jina la utotoni ambalo mimi nilikuwa silijui. Nikatoka, nikawaachia chumba.

Nikiwa uani nilimsikia anacheka. Sijui mlikuwa mmefika wapi.

Lala salama, shangazi yangu.

Mimi,
mtoto wa kaka yako