Nilivyoingia uuguzi, sehemu nisiyoisimulia

Same, Jumanne. Mawingu yamefunika milima tangu asubuhi, lakini huku chini mjini halijaanguka hata tone.

Leo binti wa jirani, aliyemaliza kidato cha nne, amekuja kuniuliza nilipitia njia gani kuingia uuguzi. Nimemweleza masomo ya kukazania na jinsi ya kujaza fomu. Ameshukuru, ameondoka.

Sikumweleza yote. Yaliyobaki nayaandika hapa.

Nilimaliza shule miaka ile ambayo sabuni na sukari zilianza kurudi madukani, na hospitali zikaanza kuwaambia wagonjwa waje na glavu zao. Biolojia nilifaulu vizuri, Hesabu nilifeli. Barua ya kuniita kwenye usaili wa chuo cha uuguzi ilinifikia nyumbani Chome, mlimani, ikiwa imechelewa, kwa sababu mvua zilikuwa zimekata barabara. Nilishuka hivyo hivyo, kwa miguu hadi Makanya, nikapata lori la mkonge.

Chuo kilikuwa ndani ya hospitali. Sista mkuu, mama aliyetoka Bukoba, aliisoma barua yangu akiwa amesimama.

"Usaili ulishapita, binti. Wiki iliyopita."

Nilikaa kwenye benchi nje ya wodi ya wanawake kwa sababu sikujua pa kwenda. Baada ya kama saa nzima akatoka tena.

"Wewe ni Mpare? Kuna bibi humu hatuelewani naye."

Aliitwa Bibi Nakiete, na kwao ni jirani na kwetu. Jembe lilimkata mguu, kidonda kikaoza, mguu ukawa mweusi hadi karibu na goti. Kiswahili hakujua. Daktari alitaka kuukata siku hiyo hiyo.

Nilimweleza kwa Chasu, lugha yetu Wapare. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema mguu wake haukatwi, arudishwe nyumbani akafie kwake. Alisema bila hasira, kama mtu anayekataa kuongezwa chai.

"Amesemaje?" Sista akauliza.

Nikasema amekubali.

Halafu nikamwambia bibi aweke dole gumba kwenye karatasi ya ridhaa, kwamba ni ya kupewa dawa ya maumivu. Akaweka.

Nilijiambia naokoa maisha. Huenda ni kweli. Lakini nilijua pia kwamba Sista ananitazama, na kwamba nikimpa jibu analolitaka huenda nisirudi mlimani mikono mitupu. Mawazo yote mawili yalikuwa kichwani kwa wakati mmoja, na mpaka leo sijaweza kuyatenganisha.

Mguu ulikatwa, bibi akapona. Mimi nikapewa kazi ya uhudumu wa wodi, kupiga deki na kutafsiri. Mwaka uliofuata Sista mwenyewe aliniandikia barua ya kuniombea nafasi chuoni. Aliandika kwamba wagonjwa wananiamini.

Nikiwa mwaka wa pili nilikwenda likizo nyumbani, nikamkuta Bibi Nakiete nje ya kanisa, ameegemea magongo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Kisha akasema, kwa Chasu, polepole, watu wakitupita: "Wajukuu wawili wamezaliwa nikiwepo. Nimewapakata. Lakini nilikuambia hapana, nawe ulinisikia."

"Ndiyo, bibi. Nilisikia."

"Haya," akasema, akaniomba nimshike mkono ashuke ngazi.

Nilimsindikiza hadi njia panda. Tukaongea habari za mahindi. Sikumwomba radhi siku ile wala nyingine, na alishafariki zamani.

Siku hizi mgonjwa akikataa, naandika kwamba amekataa. Wanafunzi wangu wanaona ni ukali wa taratibu.

Nikirudishwa kwenye wodi ile, nikiwa na miaka kumi na minane, na Sista anasubiri jibu, nitasema nini?

Najua ninachopaswa kuandika hapa. Kama ndicho ningekisema, sijui.