Mashine ya Baridi

Doris, sikia alichonifanyia shemeji yako Protas jioni hii, tena mbele ya mgeni.

Unaijua ile mashine ya ukutani tuliyoikuta kwenye hii flati ya mtaa wa Berea. Wakati wa joto inapoza, lakini ukibonyeza alama ya jua inatia joto. Nimemwambia tangu baridi ianze kwamba inavuta joto la nje na kuliingiza ndani, ndiyo maana inakula umeme kidogo kuliko hita. Tulifundishwa darasa la jioni la ufundi.

Kaniangalia kama mgonjwa. "Mama Neema, hiyo inaitwa mashine ya baridi. Ya baridi. Unataka mtoto apate nimonia?"

Rafiki yake Juvénal naye akadakia, "Na kwa inje iko joto gani ya kuvuta, dada?" Wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Basi akawasha hita yake aliyoinunua soko la Warwick, waya nyekundu kama anachoma mahindi. Neema anakohoa kwenye khanga yangu. Mara yuniti za umeme tulizonunua zikaisha. Giza, eish, na mgeni kikombe mkononi.

Aliporudi na yuniti nyingine, nikabonyeza jua bila kumwomba ruhusa. Chumba kikapata joto, kikohozi kikatulia, Neema akavua soksi mwenyewe.

Shemeji yako sasa. Amekaa chini ya mashine, koti kavua, miguu kanyoosha: "Mnaona? Hili ni joto la hita yangu, lilikuwa halijaisha."

Halijaisha, Doris. Hita yenyewe imeshapoa, nimeanika juu yake soksi za Neema.